Anwani za duka la mtandaoni ni mali: zihesabiwe kabla ya kuhamisha mfumo

WAFANYABIASHARA wengi wenye maduka ya mtandaoni hufunga hesabu za mwaka wakiwa wamehesabu kila kitu: marobota yaliyo ghalani, magari, madeni ya wateja, hata viti vya ofisini. Kitu kimoja hakihesabiwi. Ni orodha ya anwani ambazo kwazo mteja, benki na kampuni ya simu huingia dukani humo. Orodha hiyo hukaa katika faili moja dogo ambalo mwenye duka hajapata kuliona, na mara nyingi fundi aliyeliandika amekwisha kuhamia kazi nyingine.

Jambo hili limepata uzito kwa sababu mifumo ya zamani sasa inalazimika kuhamishwa. Lugha ya PHP, ambayo ndiyo iliyojengea maduka mengi ya bei nafuu, imeyafunga matoleo yake ya zamani moja baada ya jingine: toleo la 5.6 liliacha kupata marekebisho ya usalama mwishoni mwa mwaka 2018, na la 7.4 likafuata Novemba 2022. Fundi anapomwendea mwenye duka na kumwambia kwamba mfumo lazima uhamishwe, mara nyingi anasema kweli. Kasoro ni kwamba katika hati ya bei anayoileta kuna mstari wa seva, mstari wa sura mpya na mstari wa mafunzo ya wafanyakazi, lakini mstari wa anwani haumo.

Mfano mzuri ni CodeIgniter. Hiki ni kiunzi cha PHP, yaani mifupa iliyokwisha kuandaliwa. Fundi anayekitumia haanzi na udongo bali huanza na nguzo na paa. Kilitolewa na kampuni ya EllisLab ya Marekani Februari 2006, kikapendwa kwa wepesi wake, kwa kukubali kukaa katika seva za kukodi za bei ya chini, na kwa mwongozo uliosomeka. Mwaka 2014 EllisLab ilikikabidhi kwa British Columbia Institute of Technology, chuo cha Kanada. Toleo la 3 likatoka mwaka 2015 na la 4, ambalo liliandikwa upya kabisa, likatoka Februari 2020. Mifumo ya toleo la 3 bado iko kazini, na ndiyo hiyo inayobishiwa hodi na mafundi.

Katika toleo hilo la 3 na yaliyolitangulia, anwani husomwa kama anuani ya barua. Neno la kwanza baada ya jina la tovuti ni kidhibiti, yaani ofisi inayohusika. Neno la pili ni kazi inayotakiwa kufanywa na ofisi hiyo. Yanayofuata ni vielelezo, mathalani namba ya bidhaa. Mteja akiandika duka/onyesha/45, mfumo huiita ofisi ya duka, huiambia ionyeshe, na huipa namba 45. Anwani hiyo haikuandikishwa mahali popote. Imezaliwa yenyewe kutokana na majina ambayo fundi alizipa kazi zake siku aliyokuwa akiziandika, labda usiku wa manane, labda kwa lugha yake mwenyewe.

Anayetaka utaratibu ulio bora huandika kanuni katika faili liitwalo routes.php, lililo ndani ya folda ya config. Mstari mmoja hutosha kwa bidhaa zote za duka:

$route['bidhaa/(:num)'] = 'duka/onyesha/$1';

Upande wa kushoto ni anwani anayoiona mteja. Upande wa kulia ni ofisi na kazi. Alama ya (:num) inasema kwamba hapo ikubaliwe namba tu, na $1 huichukua namba hiyo na kuipeleka inakotakiwa. Kwa hiyo jina la mbele ya duka limetenganishwa na mpangilio wa ghala. Mwenye mali anaweza kubomoa ghala zima na kulijenga upya kwa majina mengine, na mteja akaendelea kuandika bidhaa/45 bila kujua kilichotokea. Hiyo ndiyo faida kubwa ya faili hili, na kila anayeliacha tupu ameikataa faida hiyo bila kuulizwa.

Walioliacha tupu si wachache. Faili linapotoka kiwandani lina mistari mitatu tu: wa ukurasa wa kwanza, wa ukurasa wa kosa la 404, na wa vistari katika majina. Duka linafunguka, fundi analipwa, na kila mmoja anaridhika.

Milango isiyojulikana

Hasara ya kwanza ya kuridhika huko ni ya usalama. Kwa kuwa anwani huzaliwa yenyewe, kila kazi iliyoandikwa wazi ndani ya kidhibiti inakuwa mlango wa barabarani. Fundi akiandika kazi ya kusafisha maagizo ya zamani ili aitumie yeye mwenyewe mara moja, halafu akasahau kuiwekea ulinzi, mtu yeyote anayelikisia jina lake anaweza kuiendesha kutoka nyumbani kwake. Kuna njia ya kuzificha kazi za namna hiyo: kuziandika kuwa za faragha, au kuanza majina yake na kistari cha chini, na mfumo hautazifungulia watu wa nje. Lakini ni nani katika ofisi ya muuza vipuri atakayekagua vistari vya chini?

Kuweka neno la siri peke yake hakutoshi. Mwaka 2005 Google ilitoa programu iliyoitwa Web Accelerator, iliyokusudiwa kuharakisha usomaji wa kurasa kwa kuvifungua viungo kabla mtumiaji hajavibofya. Katika mifumo ambayo kufuta kumbukumbu kulikuwa kiungo cha kawaida tu, programu hiyo ilivifungua viungo vya kufuta pia. Watumiaji walikuwa wamekwisha kuingia kihalali kwa majina yao, kwa hiyo mfumo ulitii. Hapakuwa na mwizi wala adui, na kumbukumbu zilipotea vivyo hivyo.

Toleo la 3 linamruhusu fundi kusema kwamba anwani fulani ikubali maombi ya kutuma tu, si ya kusoma. Huongeza neno post katika mabano ya mstari wake. Hata hivyo kinga hiyo ina tundu ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Ombi lisilolingana na kanuni yoyote katika faili halikataliwi. Linarudi kwenye utaratibu wa zamani wa kusomwa kama barua, na mlango unafunguka kwa nyuma. Dawa yake ni mstari mmoja wa mwisho kabisa, chini ya yote, unaokamata kila kilichobaki na kukipeleka kwenye ukurasa wa 404. Katika toleo la 3 mstari huo huandikwa kwa (.+), si kwa (:any), na sababu yake inaelezwa hapa chini.

Wapo mafundi wanaopinga. Hoja yao ni kwamba utaratibu wa anwani kuzaliwa zenyewe ndio uliowafanya wakipende kiunzi hiki, na kwamba kuandika kila anwani kwa mkono ni kupoteza muda wa mteja anayelipa kwa saa. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu mwaka 2008. Leo haina. Duka la kawaida lina aina chache za anwani: bidhaa, makundi ya bidhaa, kikapu, malipo, akaunti ya mteja, na ofisi ya ndani. Mstari mmoja hubeba maelfu ya bidhaa. Aidha, watunzaji wenyewe wa CodeIgniter wamekwisha kubadili msimamo: tangu toleo la 4.2.0 la mwaka 2022, utaratibu wa anwani kujizalia umezimwa, na anayeutaka lazima auwashe kwa makusudi. Mwenye kiwanda anapoziba tundu katika mtindo mpya wa bidhaa yake, aliyenunua mtindo wa zamani ana kila sababu ya kuliangalia la kwake.

Neno lililobadilika maana mara mbili

Kanuni za faili husomwa kuanzia juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana ndiyo inayoshika. Mstari wa bidhaa/(:any) ukiwekwa juu ya mstari wa bidhaa/mpya, ukurasa wa bidhaa mpya hautafunguka kamwe, kwa sababu neno "mpya" litachukuliwa kuwa jina la bidhaa. Kosa hili hujitokeza siku hiyo hiyo na hurekebishwa kwa kubadilishana mistari. Si la kulilia.

Linaloumiza ni lile neno (:any) lenyewe. Katika toleo la 2 lilikubali herufi yoyote, pamoja na mkwaju unaotenganisha sehemu za anwani; kwa hiyo nguo/watoto/sare ilipita yote kwa pamoja. Katika toleo la 3 watunzaji waliona hiyo ni kasoro, wakalibana liishie kwenye mkwaju wa kwanza. Katika toleo la 4 limerudi kukubali mikwaju, na sehemu moja peke yake ikapewa neno lake, (:segment). Kanuni iliyonakiliwa neno kwa neno kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya inaweza basi kuacha kufanya kazi, au, lililo baya zaidi, kuanza kumeza anwani ambazo haikuzimeza zamani. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Duka litafunguka, ukurasa wa mbele utapendeza, na makundi ya ndani yatakuwa yameelekea pasipo pao.

Ipo na mitego midogo ya seva. Toleo la 3 linadai mafaili ya vidhibiti yaanze na herufi kubwa. Kwenye kompyuta ya fundi yenye Windows kosa hilo halionekani, na kwenye seva ya Linux kila kitu hukwama. Kuondoa neno index.php katikati ya anwani hutegemea faili la .htaccess na sehemu ya seva ya Apache iitwayo mod_rewrite, aliyoiandika Ralf S. Engelschall mwaka 1996. Seva ya Nginx hailisomi faili hilo hata kidogo. Mwenye duka akihamia kwa mwenye seva wa bei nafuu zaidi anayetumia Nginx, ukurasa wa kwanza utafunguka na kurasa nyingine zote zitaleta 404. Ukurasa wa kwanza ndio fundi atakaomwonyesha.

Fedha inapobisha hodi

Wateja wakikosa ukurasa, angalau hupiga simu kulalamika. Mlango wa malipo hauna mdomo. Kwa wafanyabiashara wa Kenya wanaopokea malipo ya M-Pesa kwa kupitia Daraja, mfumo uliofunguliwa na Safaricom mwaka 2017 kwa ajili ya kuunganisha programu za wafanyabiashara, hili ni suala la fedha taslimu. Duka linalopokea malipo ya wateja kwa njia hiyo husajili anwani mbili. Moja ni ya kuthibitisha kwamba malipo yakubaliwe, kwa wale waliofunguliwa huduma hiyo, na nyingine ni ya kupokea taarifa kwamba malipo yamekamilika. Kisha mashine ya upande wa pili huibisha hodi anwani hiyo kila mteja anapolipa.

Ikiwa anwani ya taarifa imepotea wakati wa kuhama, fedha huingia katika akaunti ya duka kama kawaida, lakini duka halijui. Agizo linabaki limeandikwa "halijalipwa", mzigo hautoki, na mteja mwenye ujumbe wa M-Pesa mkononi anaamini ameibiwa. Kwa anwani ya kuthibitisha mambo ni tofauti: wakati wa kusajili, mfanyabiashara huchagua kitakachotokea iwapo anwani yake haipatikani, ama malipo yakamilishwe bila kuulizwa, ama yafutwe. Ni uamuzi wa kibiashara kabisa, na katika maduka mengi umefanywa na fundi peke yake kwa kunakili mfano uliomo katika maelezo. Anayeuza unga kwa katoni anaweza kukubali malipo kwanza na kuuliza baadaye. Anayeuza tiketi zenye idadi maalumu hawezi.

Hapa hata mafundi waangalifu hujikwaa. Wanapobadilisha anwani, huweka elekezo la kudumu, lile lenye namba 301, ili anayekuja kwa anwani ya zamani apelekwe kwenye mpya. Kwa msomaji wa kawaida elekezo hilo ni zuri sana. Kwa taarifa ya malipo ni hatari, kwa kuwa programu nyingi zikikutana na 301 hugeuza ombi la kutuma kuwa ombi la kusoma, na mzigo uliokuwa ndani yake, yaani kiasi, namba ya simu na namba ya muamala, hudondoka njiani. Anwani za malipo zisielekezwe. Ziachwe zilivyo, na kanuni katika routes.php izipeleke kwenye kidhibiti kipya chochote kitakachokuwa. Ndiyo kazi faili hilo liliyoumbiwa.

Kuna na ulinzi wa fomu ambao CodeIgniter huuita CSRF. Ukiwashwa, kila ombi la kutuma lisilo na alama maalumu ya duka hukataliwa, na mashine ya malipo haiwezi kuwa na alama hiyo. Kwa hiyo anwani ya malipo huandikwa katika orodha ya zilizosamehewa, iliyo katika faili jingine kabisa. Orodha hiyo huangalia anwani kama ilivyoombwa na mgeni, si jina la kidhibiti. Anwani ikibadilika upande mmoja na kusahauliwa upande wa pili, kila taarifa ya malipo itafukuzwa mlangoni, na ukurasa wa mbele utaendelea kupendeza.

Kuhama bila kupotea

Duka la Kariakoo likihama kutoka Mtaa wa Kongo kwenda Mtaa wa Msimbazi, mwenyewe hubandika karatasi mlangoni na humwachia jirani namba ya simu. Mtandaoni karatasi hiyo ndiyo elekezo la 301, na huhitajika kwa kila anwani, si kwa ukurasa wa kwanza peke yake. Wapo wanaozielekeza anwani zote za zamani kwenye ukurasa wa mbele wakidhani wamemaliza. Mteja aliyebofya kiungo cha pampu ya maji alichotumiwa na ndugu yake kwa WhatsApp anajikuta mbele ya picha za sikukuu, naye huondoka. Google inashauri maelekezo yabaki kwa muda mrefu iwezekanavyo, angalau mwaka mmoja. Kwa anwani zilizochapwa kwenye maboksi ya bidhaa, au katika vile vimraba vya kupigwa picha kwa simu, mwaka ni muda mfupi mno. Boksi hukaa rafuni mpaka liuzwe.

Tim Berners-Lee, aliyebuni mtandao wa kurasa, aliandika mwaka 1998 makala ya kuhimiza kwamba anwani nzuri ni zile zisizobadilika. Wahandisi huitaja sana makala hiyo, na mabadiliko yanaendelea, kwa kuwa anayebadilisha anwani siye anayepoteza mauzo. Ndiyo maana si sahihi kuliacha suala hili mikononi mwa fundi. Yeye hana nia mbaya, ila hasara haimgusi.

Kwa mwekezaji mdogo anayetaka kununua hisa katika biashara ya namna hii, faili la routes.php linaweza kumweleza mengi kwa dakika kumi. Likiwa tupu, ajue kwamba anwani zote za biashara hiyo zimefungamana na majina ya ndani ya programu, na kwamba siku ya kuhama itakuwa na gharama ambayo haimo katika vitabu. Likiwa na mistari mia tatu isiyo na mpangilio, ajue limepita mikononi mwa mafundi wengi. Likiwa na mistari michache iliyopangwa, na wa mwisho unaofunga mlango, huenda biashara hiyo inasimamiwa vizuri na katika mambo mengine pia. Anayeuza akikataa kulionyesha kwa kuwa "hayo ni ya kiufundi", bei ipunguzwe.

Na anayehamisha duka lake mwaka huu hahitaji kusubiri utaalamu. Kumbukumbu za seva zinaonyesha kila anwani iliyoombwa. Za miezi mitatu zikichambuliwa, orodha ya anwani zinazoleta watu na fedha hupatikana yote. Orodha hiyo iwe kiambatanisho cha mkataba, na kila mstari wake ujaribiwe mbele ya mwenye duka kwenye mfumo mpya, anwani za malipo kwanza, kwa muamala wa kweli wa kiasi kidogo. Uhamisho ufanywe katikati ya wiki, si mwisho wa mwezi mishahara inapotoka. Kisha makosa ya 404 ya siku saba za kwanza yalinganishwe na yale ya siku saba za kabla, na sehemu ya mwisho ya malipo ya fundi isubiri ulinganisho huo.